Pindo la Leso ya Bure

Kuku alikuwa akikamua nguo Bata alipoingia mbio. "Shoga, Kasuku ametangaza mlezi bora wa watoto: Fisi!"

"Fisi? Nami kesho naenda gulioni, natafuta wa kumwachia wanangu. Kasuku amejuaje?"

"Yeye huhesabu tu. Anayetajwa kwenye leso nyingi ndiye bora."

Kuku akaitazama leso aliyoishika. Mnana mfumaji aliwagawia akina mama wote leso kama hiyo bure. Chini kabisa ya pindo, kwa herufi ndogo kama chawa, iliandikwa: Mlezi wa watoto ni Fisi.

"Ala! Kumbe nami namsifu, tena wanangu nimewabeba humu humu!"

Wakamwendea Mnana. "Leso ni bure," akasema bila haya. "Pindo alilinunua Fisi."

"Basi utuazime sindano."

Akina mama wakaongeza kwenye kila pindo: hasa watoto wa Simba. Kasuku akapita, akahesabu, akatangaza.

Asubuhi yake Mama Simba, akiwa na wanawe, akabisha kwa Fisi. "Wanapenda kutafuna masikio," akasema. "Nami nitakaa hapa mlangoni, nione unavyowabembeleza."

Jua lilipozama Fisi alikuwa bado anaimba, sikio lake likiwa mdomoni mwa mtoto, na katikati ya wimbo akimsihi Mnana aliyekuwa akipita afumue jina lake kwenye leso.

Kuku alikwenda gulioni na wanawe mgongoni. Aliporudi akapakua chenga za mahindi, akahesabu vichwa. Wote walikuwepo, na mmoja alishaanza kulalamika kwamba chenga ni kubwa.