Nungunungu Aita Usaili

Hii ya Nungunungu msiionee huruma. Alikuwa na digrii mbili na kazi hana. Kila usaili uliishia "tutakupigia", hata akaacha kula, miba ikaanza kumdondoka. Mama yake akamwambia, "Mwanangu, tafuta mshauri wa nafsi kabla hujaisha."

Washauri wakaja watatu. Nungunungu akawaketisha kwenye benchi nje, akawaita mmoja mmoja, kama alivyozoea kuitwa yeye.

"Nina tatizo gani?" akamuuliza Tausi.

"Simple. Huna confidence. Nitazame mimi."

"Asante. Tutakupigia."

Akaingia Kasuku, akaulizwa lile lile.

"Jikaze, bro. Stress ni ya kila mtu. Jikaze."

"Nimejikaza mpaka miba inaniisha. Tutakupigia."

Kasuku akafura. "Mgonjwa anamsaili mshauri? Na kazi yenyewe huna."

"Kazi sina, ila kichwa hiki ni changu. Humu boss ni mimi. Next."

Wa mwisho alikuwa Bundi, ambaye wengi humkimbia wakidai ana mkosi.

"Nina tatizo gani?"

"Sijui," akajibu Bundi. "Hujanieleza bado."

Nungunungu akafungua mdomo amfukuze, yakamtoka machozi. Akaeleza yote, na Bundi hakumkatiza hata mara moja. Miba iliyobaki ikalala.

"Kazi umepata," akasema Nungunungu. "Unaanza lini?"

"Nimeshaanza."

Nungunungu akamwendea mama yake kichwa juu. "Mama, sijaajiriwa, lakini leo nimeajiri mtu. Pakua chakula."