Leta ya Saadi

Hii hamtaiamini, lakini ilitokea Mbekenyera, mwaka 1950, na ilianza na neno moja tu la Kizungu: leta.

"Herufi ni leta," mwalimu Anselmo aliwaambia akina mama wa kisomo. "Na barua ni leta hiyohiyo."

"Wazungu wana uhaba wa maneno," akasema Bi Mwantumu. "Na sisi tukisema leta, tunataka kitu mkononi."

Darasa zima likacheka. Anselmo alicheka kidogo tu. Kuna leta moja ilikuwa imemkaa kooni.

Ilifika miezi minne nyuma kutoka Nachingwea, kwenye mashamba ya karanga ya wazungu, ambako Saadi, mwana pekee wa Bi Mwantumu, alikuwa anang'oa visiki. Imeandikwa Kiingereza. Mama aliileta mwenyewe asomewe. Anselmo akaisoma kimyakimya: mti umemwangukia Saadi, amefariki, amezikwa hukohuko. Akainua macho, akamwona mama wa watu kakaa mkekani anasubiri, mikono magotini. Ulimi ukakataa.

"Hajambo," akasema. "Anakusalimu sana."

Yule mama akainamisha kichwa. Kisha akaomba arudiwe.

Toka hapo, kila mwezi Anselmo alitunga barua akamsomea. Saadi kapewa trekta. Saadi kanunua viatu. Kitu kimoja kilimshangaza: mama hakuwahi kuuliza mwanawe atarudi lini. Alisikiliza tu, akashukuru. Siku moja hata alimletea sinia la wali na nyama, na Anselmo, kijana wa misheni, mgeni pale kijijini, akala mpaka akalamba vidole.

Sasa mama kaja kisomo. Na hakutaka leta zote, alitaka za jina moja tu: S, A, A, D, I. Anselmo akajua amekwisha. Huyu akishajua kusoma, ataitaka ile karatasi ya kwanza.

Siku alipoziweza, wenzake wakaondoka, yeye akabaki. Akatoa ubao wa mninga uliochongwa vizuri. Juu yake, kwa mkaa: SAADI.

"Nimepatia, mwalimu?"

"Umepatia, mama. Unamtumia?"

"Naupeleka mwenyewe. Kaburi lake halina alama."

"Kaburi?" akauliza Anselmo.

"Wenzake walikuja kuniambia kabla ya karatasi yako," mama akasema, taratibu. "Ule wali uliokula ulikuwa wa arobaini yake. Kijiji kizima kilisema amekufa. Wewe peke yako ndiye uliyesema hajambo."

Akaufunga ubao kwenye kanga, akakaa tena mkekani, mikono magotini.

"Haya. Leta ya mwezi huu iko wapi?"

Ungekuwa wewe, ungemsomea?