Komeo la Nje

Mpishi wa hoteli ndiye aliyekuwa wa kwanza kuliona komeo. Alishuka kwenye ngazi, brashi mkononi, akausogelea mlango wa jikoni uliochorwa katikati ya ukuta.

"Fundi, komeo umeliweka nje," alisema. "Sasa aliye jikoni atatokaje?"

Mchoraji hakugeuka. Alijibu kwa sauti ndogo kwamba hapo ndipo mahali pake.

Wanawake wote wakaacha kupaka rangi. Walikuwa wageni katika nchi ile, kama yeye, na wengi wao walikuwa wamefanya kazi za ndani. Yeye ndiye aliyewapitia nyumba kwa nyumba, akawabembeleza na kuwasikiliza, mpaka wakathubutu kuyachora ukutani yale waliyotendewa na mabosi wao. Ya kwake hakuwahi kuyasema. Walizoea kumtania kwamba mdomo wake umetiwa gundi, naye hucheka tu akaendelea kuwachanganyia rangi.

Sasa walimwelewa, maskini. Mama aliyewazidi wote umri alimfuta rangi shavuni kwa upindo wa gauni lake.

"Kumbe na wewe, mwanangu," alisema. "Kesho wageni wakija kuuona ukuta, simama uyaseme. Aibu si yako."

Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Akisema, wanawake hawa hawatamtazama tena kwa jicho lile. Asiposema, atalibeba jambo hilo kesho na keshokutwa, na lilikwisha kumlemea. Alifungua mdomo aseme. Akaangua kilio kama mtoto, nao wakamkumbatia na rangi zao zote mikononi. Mpishi alimwomba radhi kwa udaku wake.

Jua lilikuwa halijazama alipoondoka. Njia nzima alijiapiza kwamba leo ndiyo leo, kesho atasimama mbele ya watu akiwa ameshayamaliza. Ngazi za ghorofa alizipanda taratibu, kama mtu anayekwenda kudaiwa. Sebuleni kwake alivua viatu, akapiga moyo konde, akaenda moja kwa moja hadi mlango wa jikoni na kuvuta komeo alilolifunga asubuhi.

Binti wa dada yake aliinuka haraka kutoka sakafuni.

"Shikamoo, mama mdogo," alisema. "Naomba niende chooni."