Picha Nzuri ya Bwana Pruitt

Sheria ya hifadhi ni hatua ishirini na tano kutoka kwa nyati. Bwana Harlan Pruitt alikuwa amebakiza sita, na bado alikuwa anarudi kinyumenyume, kofia yake mpya ya kauboi imemfunika masikio, anaichekea simu ya mkewe.

"Simama hapo hapo!" Wendell, mwongoza watalii, alikuja mbio. "We mzee, unataka kufa?"

Nyati akainua mkia. Na mkia wa nyati ukishainuka, mazungumzo yamekwisha. Wendell akamdaka mzee kwa mkanda wa suruali na kumburuta hadi nyuma ya basi. Nyati akakoroma, akaparura vumbi mara mbili, akarudi kwenye majani yake.

"Lavonne kasema dume lile halina neno," mzee alilalamika, akijipangusa. "Kasoma kitabuni."

Wendell akamtazama Bi Lavonne, kimama kifupi cha sweta ya maua, kasimama kaduwaa na simu mkononi. Loo! Mwanamume mzima, anamsingizia mkewe mbele za watu. Wendell alimwonea huruma kweli yule mama.

Na yeye mwenyewe kazi yake ilikuwa inaning'inia. Mwaka jana abiria wake mmoja aliumwa na kindi aliyekuwa akimlisha biskuti. Mwingine alichovya mguu kwenye chemchemi ya maji moto aone kama kweli inachemka. Ilikuwa inachemka. Bosi wake, Arlene, hakumung'unya maneno: "Safari hii mmoja tu akirudi na bandeji, au fomu moja tu ya maoni ije na lawama, nenda kachunge ng'ombe. Wale angalau wanasikia."

Basi Wendell akawa anahesabu vichwa asubuhi, mchana na jioni: thelathini na nane. Aliwafundisha kupima umbali. Nyosha mkono, fumba jicho moja, mfunike mnyama kwa kidole gumba. Akichungulia pembeni ya kidole, umemkaribia mno. Wote wakaitikia, kisha wote wakateremka kwenda kumpapasa kulungu.

Isipokuwa Bi Lavonne. Yeye alifanya mazoezi ya kidole kila kituo. Na maswali yake! Dubu mkali zaidi ni yupi, mwenye watoto au asiye na watoto? Ukingo wa korongo una uzio kote, au kuna mahali hauna? Pale penye chemchemi, ardhi nyembamba inayobomoka mtu anaitambuaje? Kila jibu aliliandika kwenye kijitabu.

"Ningepata watatu kama huyu," Wendell alimwambia dereva, "ningelala usingizi."

Siku ya tatu waliingia Mud Gulch, mji wa kale ambako jambazi yuleyule hunyongwa saa sita mchana, akala chakula, akanyongwa tena saa nane. Waigizaji walipotafuta mtalii wa kunyongwa kwa mzaha, Bi Lavonne akaunyanyua mkono wa mumewe.

"Kamba ni ya kweli?" alimuuliza mnyongaji.

"Ya kweli, mama. Fundo ndilo la uongo."

"Aa," alisema, akakaa.

Dukani wenzake waligombania kofia. Yeye alinunua fremu ya picha, kubwa, nyeusi. "Ya Harlan," alisema. "Bado sijapata picha yake nzuri."

Siku zilizofuata Wendell alikonda. Alimvuta mzee kutoka ukingoni mwa korongo, mahali pasipo na uzio. Akamrudisha kwenye njia ya mbao, buti moja tayari liko kwenye ardhi inayofuka moshi. Akamnyang'anya biskuti aliyokuwa anampelekea mtoto wa dubu, mama mtu yuko kichakani. Na kila mara wimbo ni uleule: Lavonne kasema, Lavonne kasema.

Uvumilivu ukamwisha. "Mzee, hebu kuwa na haya! Una mke wa dhahabu, wewe kutwa unamtupia lawama zako!"

"Dhahabu kabisa," Harlan alijibu, hana hata chembe ya hasira. "Miaka arobaini na mmoja, kijana. Na tangu nistaafu ndiyo tumekuwa pamoja kweli. Niko nyumbani asubuhi hadi usiku. Namwonyesha jinsi ya kupanga vyombo, jinsi ya kukunja taulo. Hata simu akiongea nasimama pale pale, nimsaidie. Ndiye aliyesema tuwe tunasafiri."

Wendell akatikisa kichwa. Wanawake wengine mbingu ni yao.

Siku ya nane basi liliingia kituoni. Vichwa thelathini na nane, bandeji hakuna, hata moja. Wendell alitaka kulibusu lile basi. Watu waliteremka wakimpa mkono, na Bi Lavonne alikuja wa mwisho, macho yamemjaa machozi.

"Umejitahidi, mwanangu," alisema. "Umejitahidi mno."

Wendell naye akalengwa na machozi. Ndiyo raha ya kazi hii, alijiambia: siku moja anatokea mtu mmoja anayeona.

Kesho yake Arlene alimwita ofisini. Fomu thelathini na saba zilikuwa zimepangwa upande mmoja, zote nyota tano. Moja aliisukuma mbele yake kwa ncha ya kalamu.

"Nilikwambia lawama moja," alisema. "Soma mwenyewe, maana mimi nimesoma mara tatu."

Mwandiko ulikuwa wa kike, nadhifu. Penye swali la upungufu wa huduma palijazwa hivi: "Mwongozaji ni mwangalifu kupita kiasi. Hii ni kampuni ya tatu, mwaka wa tatu, na bado narudi naye nyumbani."