Vijiti Katika Shamba la Douwe

Mzee Wybren alichovya yai kwenye kopo la maji ya mtaro, akainama kutazama kama litazama au litaelea. Kisha akatema tumbaku pembeni.

Upande wa pili wa tuta, Fien Crutzen alishusha darubini yake. Kila aliyewahi kuingia jikoni anajua kwa nini yai hutiwa majini. Mtu hulipima anapotaka kulila.

Fien alikuwa mgeni Friesland. Kwao ni Limburg, kusini kabisa mwa Uholanzi, penye vilima na misitu, ambako mtazama ndege hutembea shingo ikiwa juu. Mumewe alipofariki alihamia huku kaskazini kwa ajili ya ndege mmoja tu, grutto, mwenye miguu mirefu na shingo ya rangi ya kutu. Kila majira ya kuchipua grutto hurudi kutoka mashamba ya mpunga ya Senegali na kutaga chini, katikati ya majani, na kila mwaka wanaorudi hupungua. Fien alitaka kuona vifaranga wao wakitembea kabla macho yake hayajachoka. Hakuwa na haja nyingine duniani.

Lakini mwezi wote wa Aprili, kila alipotoka na darubini, alimkuta mzee yule katika shamba la Douwe, na mti wake mrefu wa kurukia mitaro, akitembea macho chini kama mtu aliyeangusha pete. Douwe mwenyewe akipita na trekta aliinua kidole kimoja. Mzee akainua chake. Salamu imekwisha. Fien akaona wazi kwamba lao ni moja.

Alimuuliza mama wa mgahawa. Akaambiwa kwamba Wybren ni mtu wa mayai tangu utotoni, kama baba yake na babu yake, na kijiji kizima hakuna jicho linalokiona kiota kama lake. Mama yule alilisema kwa fahari, huku akifuta meza. Fien akausukuma mbali mkate wake wa sukari.

Mara mzee mwenyewe akaingia, matope hadi magotini, kucha nyeusi, akaketi meza ya pili. Fien akashindwa kujizuia. Akamuuliza mayai hayo yana utamu gani.

“Matamu, mama, nisikudanganye,” alisema Wybren. “Mama yangu aliyachemsha, akanyunyiza chumvi, na sisi tukafumba macho.” Akalamba midomo, na uzi wa tumbaku ukabaki unaning'inia kwenye ndevu. “Nyie wa milimani si mnakula farasi? Basi usinikunjie pua.”

Mgahawa mzima ukacheka. Fien alikwenda nyumbani akanawa mikono kwa sabuni, ingawa hakuwa amemgusa mtu.

Ilipoingia Mei aliona jambo lililomchefua kuliko yote. Kando ya kila kiota mzee alikuwa amechomeka vijiti viwili vya mianzi, kimoja huku na kimoja kule, virefu kuliko majani. Shamba lilijaa vijiti. Kwao Limburg, wezi wa mayai huweka alama namna hiyo, wakarudi kuvuna wakati wao.

Alimfuata hadi ukingoni mwa mtaro, akamwambia awaache viumbe wa Mungu. 

Wybren alichomeka mti wake katikati ya mtaro. “Nikiwaacha, mama, utawaona wapi?” Akaegemea mti wake, akaruka, akaenda zake.

Ujeuri ule ndio uliomkatia Fien shauri.

Jumapili kijiji kizima kilikuwa kanisani, na huku Jumapili hakuna anayegusa hata reki. Fien ni Mkatoliki, alikwisha kusali jana yake jioni. Akavaa buti, akaingia shambani. Ndege walimzomea juu ya kichwa, wakamshukia hadi karibu wamguse nywele. Alikwenda taratibu, akipima pa kukanyaga, akang'oa vijiti kimoja kimoja. Mayai hakuyagusa. Yalilala manne manne, ya kijani yenye madoa, zile nyumba zisizo na mlango. Katika kiota kimoja yai lilikuwa limepata ufa kama nyota, na ndani yake sauti ndogo ikalia. Fien alipiga magoti kwenye umande, akalia naye.

Vijiti akavivunjavunja, akavichoma bustanini kwake. Usiku ule alilala usingizi ambao hakuwa ameuonja tangu mazishi ya mumewe.

Jumatatu akachukua kiti cha kukunja na chupa ya chai, akaenda kuketi kwenye tuta awasubiri vifaranga.

Harufu ya majani mabichi ilimpokea njiani. Shamba lilikuwa limenyolewa hadi mwisho, safi kama zulia. Nyuma ya mashine walitembea korongo na shakwe, wakiokota na kumeza huku wameinua vichwa.

Douwe alimwona, akazima trekta. Safari hii hakuinua kidole tu. Alifungua mlango, akajipangusa jasho, akatabasamu.

“Sijawahi kukata majani kwa raha hivi, Bi Fien,” alisema. “Miaka yote Wybren hupima mayai majini ajue yataanguliwa lini, kisha hunijazia vijiti, nami navizunguka polepole kama nimebeba mgonjwa. Leo nimetafuta, sikuona hata kimoja. Nikanyoosha tu. Maskini mzee wa watu, sijui nitamwambiaje kwamba mwaka huu ndege wake hawakutaga.”