Hoja za Baba Deka

Chai ilikuja kabla Kathure hajamaliza kusema, na hapo akajua kwamba leo pia mambo yameharibika. Katika nyumba hii ya Galbet, chai ilikuwa na tabia ya kutokea nyuma ya pazia kila maneno yake yalipoanza kulegea. Mkono wa mwanamke ulipitisha sinia, Noordin akaipokea, pazia likarudi mahali pake.

"Kunywa, Madam," alisema Noordin. "Maneno iko. Haikimbii."

Maneno hayakimbii, lakini basi lingekimbia. Kesho alfajiri timu ya mdahalo ya shule yao, shule ndogo ya binafsi ya kutwa, ilikuwa inaondoka Garissa kwenda mashindanoni Wajir. Msemaji wake wa kwanza alikuwa Deka, binti wa Noordin. Bila Deka hakuna timu. Tangu Jumatatu, Deka alipomwambia kwamba baba amekataa na labda Madam akienda mwenyewe atasikizwa, Kathure alikuja kila jioni kuketi kwenye mkeka huu kumbembeleza baba mtu. Na kila jioni alirudi kwake akiwa amejaa chai na hasira.

Kilichomuudhi zaidi ni kwamba Noordin hakukataa kama watu wengine wanavyokataa. Angesema barabara ni mbaya, Kathure alikuwa na jibu. Angesema msichana halali nje ya kwao, jibu lilikuwepo pia: Mwalimu Sahro, anayefundisha dini, alikuwa anasafiri nao. Noordin hakuyagusa hayo hata kidogo. Ni mtu wa kununua na kuuza ng'ombe, lakini alichotaka kuzungumza ni silabasi.

"Siku tatu mtoto iko Wajir," alisema ile Jumatatu. "Wenzake wanabaki darasani, wanasoma. Hiyo siku tatu nani atarudisha?"

Jumanne Kathure alikuja na ushahidi. Wanafunzi wote wa chama cha mdahalo walikuwa wamepanda alama darasani, kuanzia Kiswahili mpaka Historia. Noordin alimsikiliza kwa makini, akamwomba arudie hiyo ya mwisho polepole, na asiogope kupaza sauti. Jumatano akamkuta na jibu limeiva.

"Hao walikuwa hodari toka zamani, Madam. Mbuzi mnono ukimfunga kengele, sio kengele imemnonesha."

Kathure alikaribia kucheka, kisha akakaribia kulia. Mkaidi hafaidi hadi siku ya Idi, alijisemea, na Idi yenyewe ilikuwa mbali.

Kulikuwa na kichekesho kingine ndani yake, ingawa hakikumchekesha. Mada waliyopewa ya Wajir ilikuwa hiyohiyo: shule za kutwa zifute vilabu na michezo, mwanafunzi asome tu. Kura ilikuwa imewaweka upande wa kuunga mkono. Kwa hiyo Deka alikuwa anafundishwa shuleni kutetea yale ambayo baba yake aliyatetea bure nyumbani.

Mwanzoni msichana alijikwaa vibaya. Hamse, aliyepangwa kumpinga mazoezini, alikuwa anacheka tu na kukubali kila kitu.

"Unapigana na hewa," Kathure alimkaripia Deka wiki iliyopita. "Tafuta mtu anayeuamini upande ule mwingine kwa moyo wake wote. Ubishane naye mpaka akutoe jasho."

Deka aliitikia kwa kichwa. Na sasa, Mungu amsaidie, amekuwa moto wa kuotea mbali. Jana alimfunga Hamse mdomo mara moja, darasa zima likapiga makofi, na Kathure akatoka nje asionekane alivyokunja uso. Iliuma kuona kipaji kama hicho kikinolewa kwa safari isiyokuwepo. Alipomuuliza kama baba amelegea, Deka alitazama viatu vyake.

"Endelea kumwendea tu, Madam. Anapenda vile unaongea."

Leo Kathure alikiweka kikombe chini bila kukionja. Karibu na mlango palikuwa na begi lililofungwa tayari. Bila shaka Noordin alikuwa anaelekea mnadani Bute, huko kaskazini, kutafuta mifugo. Yeye alikuwa huru kusafiri. Uungwana ukamwishia mwalimu.

"Baba Deka, sina ushahidi mwingine. Nina mimi mwenyewe. Nilisoma shule ya kutwa kwetu Meru, na mama yangu alisema kama wewe: soma tu. Nikasoma. Nilikuwa wa kwanza mwaka baada ya mwaka. Siku ya kuitwa kwa mahojiano ya kazi, watu watatu waliniuliza jina langu, na sauti haikutoka. Vyeti vyangu vilikuwa mezani mbele yao, vyote safi, na mwenye vyeti amekaa pale kama bubu. Kazi ikaenda kwa mwingine. Nilijifunza kusimama mbele ya watu nikiwa mtu mzima, kwa aibu, na ilinichukua miaka. Wewe binti yako ameshajua tayari. Sasa niambie, hizo siku tatu za darasani zitampa nini kinachozidi hicho?"

 Noordin alizishika ndevu zake zenye hina. Kisha akageuka kulitazama pazia, akangoja, kama mtu anayeona chai imechelewa. Chai haikuja.

"Aabo," ilimwita baba sauti ya Deka kutoka nyuma ya pazia, "hiyo hatuna jibu."

"Haye, iandike hivyo hivyo," alisema Noordin, akilinyooshea kidole begi la binti yake pale mlangoni. "Jibu yake mtatafuta kesho ndani ya basi."