Kilima cha Ukurasa wa Tisa

Jioni ile Profesa aligawa kitabu chake kipya cha kalkulasi ya vigeu vingi. Adélaïde, mshonaji anayesoma baada ya kazi, alifika ukurasa wa tisa, akainuka kitini.

Kilima kilichochorwa pale alikichora yeye, nyumbani Bagira, kwenye daftari ambalo Profesa aliliazima muhula uliopita, kisha akasema limepotea. Hata kibanda cha mama yake kilikuwepo mteremkoni, na mlango wake uliopinda.

“Prof, huu muchoro ni ya nani?”

“Ni yangu, maman. Haujaelewa wapi, fasi gani?”

Darasa likacheka. Adélaïde alifungua kinywa, lakini jirani yake akamvuta kitenge.

“Ikala, maman,” alinong’ona. “Ni yeye anatupatia pointi.”

Adélaïde akaketi.